Kuacha Skripti Ikifanya Kazi Kwenye Seva Baada ya Wewe Kutoka

Seva iko Frankfurt, wewe uko Sinza, na kinachowaunganisha ni bando la simu. Umeingia kwa SSH, njia ya kuendesha seva ukiwa mbali, umeandika `python3 ripoti.py`, skripti imeanza kusaga mauzo ya duka ya mwaka mzima, kazi ya saa sita hivi. Katikati umeme unakatika na ruta inazimika, au bando linakwisha. Ukirudi, skripti haipo. Haijamaliza, haijaandika kosa lolote, imetoweka tu.

Tutatumia Linux ya kawaida, Ubuntu au Debian, pamoja na bash, programu inayopokea amri zako, kwa sababu ndizo utakazozikuta kwenye seva nyingi za kukodi. Jambo moja liwe wazi mapema: kama skripti iko kwenye laptop yako mwenyewe, hakuna amri ya hapa itakayokufaa. Ukifunga kifuniko laptop inalala, na kila kilichomo kinalala nayo. Tunazungumzia skripti iliyoko kwenye seva inayowaka muda wote. Uzuri wake ni kwamba ikishaanza kule haitumii tena bando lako. Bando linaliwa tu pale unapoingia kuichungulia.

## Kinachoiua ni nini hasa

Unapoingia kwa SSH, seva inakufungulia terminali na kuiendesha bash ndani yake. Programu zote unazoanzisha ni watoto wa bash hiyo. Muunganisho ukikatika, terminali inafungwa, na kerneli ya Linux (kiini cha mfumo) inaipelekea bash ishara iitwayo SIGHUP, namba 1. Ni ishara ya tangu enzi za modemu za simu, ya kuijulisha programu kwamba mtu wa upande wa pili amekata. Bash kabla ya kufa inawagawia watoto wake wote ishara hiyohiyo, na programu ambayo haikuandaliwa kuipokea inakufa palepale.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Ukiweka alama ya `&` mwishoni mwa amri (ndiyo inayoipeleka chinichini) kisha ukaandika `exit` kwa utaratibu, bash kwa kawaida *haipeleki* SIGHUP kwa kazi zilizoko chinichini. Unaweza kuhakikisha:

```
shopt huponexit
```

Kwenye seva nyingi jibu ni `off`. Basi mtu anaanzisha skripti kwa `&`, anaandika `exit`, anaingia tena, anaikuta inadunda. Anatangaza kwamba `&` inatosha. Siku mtandao ukikatika wenyewe, bila `exit`, bash inapata SIGHUP na kuigawa, na skripti inakufa. Ndiyo maana ukiuliza watu wawili kama `&` inatosha, mmoja atakuapia inatosha na mwingine atakuapia haitoshi, na wote wameona kwa macho yao. (Anayetumia zsh ana habari tofauti: yenyewe hupeleka ishara hata kwa `exit`.)

Kwa hiyo jaribio la kweli ni kukata mawasiliano, si kuaga. Nitaonyesha namna ya kukata hivi punde.

Kuna muuaji wa pili anayesahaulika. Hata skripti ikinusurika na ishara, bado inaandika matokeo yake kwenye terminali ambayo haipo tena. Python ikifika kwenye `print` inayofuata inapata `OSError: [Errno 5] Input/output error` na kuanguka. Skripti ya namna hii huishi kwa muda baada ya wewe kutoka, halafu inakufa mahali pasipoeleweka, na unaanza kutafuta kosa kwenye data wakati data haina tatizo.

## Njia ya kwanza: nohup

Kwa kazi ya mara moja, yenye mwanzo na mwisho, hii inatosha na huhitaji kusakinisha kitu.

```
cd ~/ripoti
nohup python3 -u ripoti.py > ripoti.log 2>&1 < /dev/null &
echo $! > ripoti.pid
```

Mstari wa pili una vipande vingi, na kila kimoja kina kazi yake.

`nohup` inaiambia programu iipuuze SIGHUP. Haiipeleki chinichini; hiyo ni kazi ya `&` ya mwisho. Ukisahau `&`, terminali itakaa imekodoa macho na hutaweza kuandika kitu.

`> ripoti.log` inapeleka matokeo kwenye faili, na `2>&1` inapeleka makosa hukohuko. Mpangilio una maana: ukiandika `2>&1 > ripoti.log`, makosa yataendelea kwenda kwenye terminali. Usipotaja faili lolote, nohup itatengeneza `nohup.out` kwenye folda uliyopo, na ukianzisha skripti tatu folda hiyohiyo zote zitaandika humo. Taja faili lako.

`< /dev/null` inaziba upande wa kusoma. Kama skripti yako inauliza "Endelea? y/n", haitakuwa na mtu wa kumuuliza. Bila nohup wala kuziba huku, skripti inayosubiri kibodi ikiwa chinichini husimamishwa na mfumo, na ukiandika `jobs` utaona neno `Stopped`. Ondoa maswali yote kwenye skripti, weka majibu kama vigezo vya amri. Hali ni hiyohiyo kwa `sudo` inayotaka nywila: andika `sudo -v` kwanza, weka nywila, ndipo uanzishe.

`-u` ni ya Python peke yake. Bila hiyo, Python hukusanya maandishi na kuyamwaga kwa mafungu inapoandika kwenye faili. Utafungua `ripoti.log` baada ya nusu saa ukute tupu, udhani skripti imekwama, uiue, kumbe ilikuwa inaenda vizuri. Usiiache.

Mstari wa tatu unahifadhi namba ya mchakato. Kesho utaihitaji.

## Kulijaribu kwa kukata

Kabla ya kuikabidhi kazi ya saa sita, jaribu kwa kitu chepesi. Andika faili `jaribio.sh`:

```
#!/bin/bash
while true; do date; sleep 5; done
```

Kisha:

```
nohup bash jaribio.sh > jaribio.log 2>&1 < /dev/null &
```

Sasa kata. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta. Herufi hizo mbili mwanzoni mwa mstari zinaiambia SSH ya upande wako ikate hapohapo bila kuaga. Kufunga dirisha lote la terminali nako kunafaa. Kuzima Wi-Fi ni jaribio baya, na sababu yake inafaa kujulikana: seva haijui kwamba umepotea. Inaendelea kutuma data kwenye muunganisho uliokufa na kusubiri majibu, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux inaweza kuchukua kama dakika 15 kabla ya kukata tamaa. Kama hakuna data inayotumwa, inaweza kuchukua saa mbili na zaidi. Muda wote huo bash yako bado ni hai kule, na skripti pia. Ukirudi mapema utaona kila kitu ni salama, halafu baadaye kidogo vyote vinakufa.

Ingia tena na uangalie:

```
pgrep -af jaribio.sh
tail -n 20 jaribio.log
```

Kama saa zinafuatana kila sekunde 5 bila pengo kwenye dakika ile uliyokata, umefaulu. Iue kwa `pkill -f jaribio.sh`, usiiache ikiandika tarehe hadi mwakani.

## Umeshaianzisha, ndipo ukakumbuka

Imefika saa ya kutoka ofisini, foleni ya Mwenge inakusubiri, na skripti uliianzisha kavukavu. Bonyeza Ctrl+Z ili uisimamishe, kisha:

```
bg
disown -h %1
```

`bg` inaiendeleza chinichini, na `disown -h` inaiambia bash isiigawie SIGHUP kazi hiyo. Lakini kumbuka muuaji wa pili: matokeo bado yanaelekea kwenye terminali. Njia hii inafaa kwa skripti inayoandika yenyewe kwenye faili lake na isiyochapisha chochote kwenye skrini. Nyingine zote, kama hazijafika mbali, ni heri uziue na uzianze upya kwa nohup.

## Njia ya pili: tmux

Hii ndiyo ninayoipenda kwa kazi za kila siku. nohup inakupa faili la logi tu. Tmux inakuachia terminali nzima ikiwa hai kwenye seva, na wewe unakuja na kuondoka upendavyo. Terminali hiyo si ya SSH tena, ni ya tmux, kwa hiyo SSH ikikatika hakuna anayepelekewa SIGHUP isipokuwa dirisha lako la kutazamia.

```
sudo apt install tmux
tmux new -s mauzo
```

Ndani yake endesha skripti kama kawaida, bila nohup wala `&`. Ukitaka kuondoka, bonyeza Ctrl+b, achia, kisha bonyeza `d`. Umerudi kwenye terminali ya kawaida na skripti inaendelea. Mtandao ukikatika kabla hujafanya hivyo, hakuna ubaya, matokeo ni yaleyale. Kurudi:

```
tmux ls
tmux attach -t mauzo
```

Ukiwa uliiacha wazi kwenye kompyuta ya ofisini na sasa unaitazama kwa kioo kidogo cha simu, dirisha linaweza kukaa vibaya. Ongeza `-d` ili umwondoe yule wa kwanza: `tmux attach -d -t mauzo`. Kwa watu wa Android kuna Termux, programu ya terminali kwenye simu: unasakinisha SSH ndani yake na unaweza kuchungulia kazi yako ukiwa kwenye pantoni la Kigamboni. Ufunguo wa SSH ulioko kwenye simu uwekee nywila, maana simu jijini hazikai na mwenyewe sana.

Kupanda juu kusoma yaliyopita: Ctrl+b kisha `[`, tumia mishale, toka kwa `q`. Anayeanza tmux hukwama hapa kuliko kwingine kote.

Ukikuta seva ya zamani isiyo na tmux, huenda ina screen, ambayo imekuwepo tangu 1987. `screen -S mauzo` kuanza, Ctrl+a kisha `d` kuondoka, `screen -r mauzo` kurudi.

tmux ina mpaka wake: seva ikiwashwa upya, kila kilichomo kinapotea. Kwa ripoti ya usiku mmoja hilo si tatizo. Kwa skripti inayotakiwa kuishi miezi, tunahitaji kitu kingine.

## Njia ya tatu: systemd

Skripti inayopokea taarifa za malipo, boti ya Telegram inayojibu wateja wa Kariakoo, chochote kisichotakiwa kulala: hivyo usivitundike kwenye nohup. Siku seva ikiwashwa upya kwa sababu ya sasisho, utaamshwa na simu za wateja. Andika huduma ya systemd, programu ya Linux inayoanzisha na kusimamia kazi za seva.

```
sudo nano /etc/systemd/system/boti.service
```

Ndani yake:

```
[Unit]
Description=Boti ya duka
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=mhasibu
WorkingDirectory=/home/mhasibu/boti
ExecStart=/usr/bin/python3 -u /home/mhasibu/boti/boti.py
Restart=on-failure
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Badilisha `mhasibu` kwa jina la mtumiaji wako. Njia za mafaili ziandike kamili kuanzia `/`, kwa sababu systemd haisomi mipangilio yako ya `.bashrc`. Skripti inayofanya kazi ukiiendesha kwa mkono na kukataa ikiwa huduma, mara nyingi shida ni hiyo: inategemea kigezo cha mazingira ulichokiweka kwenye `.bashrc`, au maktaba zake ziko kwenye mazingira pepe ya Python. Kama unatumia mazingira pepe, `ExecStart` ielekeze kwenye python ya humo, kwa mfano `/home/mhasibu/boti/venv/bin/python`.

Kisha:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now boti
systemctl status boti
sudo journalctl -u boti -f
```

`enable` inaifanya ianze kila seva inapowaka. `--now` inaianzisha sasa hivi. `Restart=on-failure` inaiinua ikianguka kwa kosa, baada ya sekunde 10. Logi unazisoma kwa `journalctl`, kwa hiyo huna haja ya kupanga faili. Jaribio la huduma ya namna hii ni moja: `sudo reboot`, subiri kidogo, ingia, uliza `systemctl status boti`. Fanya hivyo siku tulivu, kabla wateja hawajaanza kuitegemea.

## Seva inayofuta kila kitu ukitoka

Mara chache utakutana na seva ambayo hata nohup na tmux zinauawa mara tu unapotoka. Si wewe. Mei 2016, toleo la 230 la systemd liliweka utaratibu wa kuua michakato yote ya mtumiaji anapotoka. Kelele zilikuwa kubwa. Debian na Ubuntu waliuzima utaratibu huo, lakini baadhi ya wasimamizi wa seva huuwasha kwa makusudi. Angalia:

```
grep KillUserProcesses /etc/systemd/logind.conf
```

Ukikuta `KillUserProcesses=yes` bila alama ya `#` mbele, omba ruhusa ya kubaki, kisha uanzishe tmux nje ya kikao chako:

```
loginctl enable-linger
systemd-run --user --scope tmux new -s mauzo
```

Kama seva ni ya chuo au ya taasisi, muulize msimamizi kwanza. Utaratibu huo huwa umewekwa kwa sababu kuna mwanafunzi aliyeacha skripti ikila prosesa ya wote wikendi nzima. Kwenye seva ya kushirikiana, hata ukiruhusiwa, tanguliza `nice -n 19` mbele ya amri yako ili wengine wapite kwanza.

## Saa

Seva nyingi za kukodi zinakwenda kwa UTC, saa ya kimataifa, na Dar es Salaam iko saa 3 mbele mwaka mzima. Hatubadilishi saa msimu kwa msimu. Hili halisumbui mpaka utumie cron, kipanga-ratiba cha Linux kinachoanzisha amri kwa saa uliyoipanga. Tuseme unataka skripti ianze Jumatatu saa nane usiku, wakati mtandao ni mwepesi. Kwa saa ya kompyuta hiyo ni 02:00. Kwa seva ya UTC ni 23:00, na si ya Jumatatu tena bali Jumapili:

```
0 23 * * 0 flock -n /tmp/ripoti.lock /usr/bin/python3 -u /home/mhasibu/ripoti/ripoti.py >> /home/mhasibu/ripoti/ripoti.log 2>&1
```

Ama ubadilishe saa ya seva yote kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha uiwashe upya cron kwa `sudo systemctl restart cron`, ndipo uandike `0 2 * * 1`. Mimi nachagua hili la pili kama seva ni yangu peke yangu, kwa kuwa logi nazo zinasomeka bila kuhesabu vidole. Seva ya kushirikiana iache kwenye UTC.

Hiyo `flock -n` inazuia nakala mbili kukimbia kwa pamoja. Kama ripoti ya wiki iliyopita bado haijaisha, ya leo inaachia njia badala ya kuandika juu ya mafaili yaleyale. Inafanya kazi na nohup pia, na kwa yeyote aliyewahi kuanzisha skripti ya kutuma SMS mara mbili kwa wateja walewale, inajilipa siku ya kwanza.

## Imekufa pamoja na haya yote

Angalia mwisho wa logi kwanza. Kama hakuna kosa, uliza kerneli:

```
sudo dmesg -T | grep -i "killed process"
```

Seva ndogo yenye RAM ya GB 1 ikijaa, kerneli huchagua mchakato mkubwa na kuuua ili mingine ipone, na kwa kawaida mkubwa ni wako. Ishara inayotumika ni SIGKILL, ambayo hakuna nohup wala tmux inayoweza kuipuuza. Dawa ni kuisoma data kwa mafungu badala ya kuipakia yote kwa mkupuo, au kuongeza nafasi ya swap, sehemu ya diski inayoisaidia RAM. Angalia pia diski kwa `df -h`: logi isiyopunguzwa hujaza diski taratibu, na diski ikijaa skripti inashindwa kuandika hata sababu ya kuanguka kwake.

Kuisimamisha mwenyewe, tumia namba uliyoihifadhi:

```
kill $(cat ripoti.pid)
```

Hii inatuma SIGTERM, ishara ya kuomba, na skripti iliyoandikwa vizuri inapata nafasi ya kufunga mafaili na hifadhidata. Ipe sekunde kumi au ishirini. `kill -9` ni kwa inayokataa tu, maana inaikata katikati ya sentensi na faili la matokeo linaweza kubaki nusu. Kwa huduma ya systemd, usitumie `kill` kabisa: `sudo systemctl stop boti`, na kama hutaki irudi seva ikiwashwa, `sudo systemctl disable boti`. Kabla ya kutumia namba ya zamani iliyoko kwenye `ripoti.pid`, hakikisha bado ni ya skripti yako kwa `ps -p $(cat ripoti.pid) -o pid,etime,cmd`, kwa sababu seva ikiwashwa upya namba zinagawiwa upya, na hiyo inaweza kuwa ya programu nyingine kabisa.